Mkalamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ua Lenye Sumu na Mazingira Linamostawi

Mvua za masika zikishakolea, vichakani na kwenye kingo za mashamba huchomoza ua jekundu lenye kingo za manjano ambalo wapita njia wengi husimama kulitazama. Wengi huuliza jina lake, wengine huuliza kama linaweza kupandwa nyumbani, na ni nadra kumpata anayeuliza kuhusu kilichomo chini ya ardhi, ingawa huko ndiko iliko hatari kubwa. Majibu yafuatayo yanahusu mmea huo mmoja: unavyoishi, unavyotunzwa na unavyoua.

Mkalamu ni mmea gani hasa?

Mkalamu, ambao pia huitwa kimungumungu, ni mmea wa kudumu unaoparamia mimea mingine, na jina lake la kisayansi ni Gloriosa superba. Jina hilo lilitolewa na Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, na maneno yote mawili ya Kilatini yanasifu utukufu na fahari. Yaelekea aliyelichagua alikuwa akitazama sehemu ya juu ya ardhi tu. Mmea huu umo katika familia ya Colchicaceae, ambayo inajulikana kwa sumu iitwayo kolkisini.

Mkalamu ni ua la taifa la Zimbabwe, na ni ua rasmi la jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India. Mwaka 1947, Elizabeth, ambaye wakati huo alikuwa bado binti mfalme wa Uingereza, alipozuru nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alizawadiwa pambo la kifuani la almasi lililotengenezwa kwa umbo la ua hili.

Nitautambuaje?

Ukiwa na maua, hauchanganyiki na mwingine. Ua lina petali sita nyembamba, zenye urefu wa sentimita 5 hadi 8, ambazo zimejikunja kuelekea juu na nyuma kana kwamba zimepigwa na upepo kutoka chini, na kingo zake zina mawimbi. Stameni sita, yaani sehemu za kiume za ua zenye chavua, hutandaa pande zote kama vijiti vya mwavuli uliofunguliwa. Ua linapofunguka huwa na rangi ya kijani, kisha hugeuka manjano, halafu wekundu hushuka kutoka kwenye ncha hadi ukalifunika karibu lote. Ndiyo sababu shina moja huweza kuonekana lina maua ya rangi tatu kwa wakati mmoja.

Ukiwa bado haujachanua, tazama majani. Hayana vikonyo, ni marefu na yamechongoka, na ncha ya kila jani hurefuka ikawa kikono chembamba kinachojisokota kwenye chochote kinachokigusa, kiwe kijiti, waya au jani la mmea jirani. Mimea mingi inayoparamia huzungusha shina zima au hutoa vikono kutoka kwenye shina. Mkalamu hushikilia kwa ncha za majani yake, na kwa njia hiyo shina lisilo nene kuliko penseli huweza kupanda hadi mita 4.

Baada ya maua hufuata tunda la kijani, refu kiasi, ambalo likikauka hupasuka na kuonyesha safu za mbegu nyekundu zinazong'aa. Mtoto aliyewahi kula komamanga ataziona kuwa ni chakula.

Kwa asili yake unaota wapi?

Unapatikana katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara, na pia India, Sri Lanka na nchi za kusini-mashariki mwa Asia. Huota kwenye vilima vya mchanga karibu na bahari, kwenye vichaka, kando ya misitu, katika miombo, kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa, kuanzia usawa wa bahari hadi nyanda zenye mwinuko wa takriban mita 2,500. Kwa hiyo mtu wa pwani na mtu wa nyanda za juu wote huweza kudai kuwa ni ua la kwao, na wote watakuwa sahihi.

Kinachounganisha mahali hapo pote si aina moja ya udongo wala kiwango kimoja cha joto. Ni mambo mawili tu: maji hayatuami, na kuna msimu wa mvua unaofuatwa na msimu wa ukavu.

Ustahimilivu huo umeuletea sifa mbaya ugenini. Kwenye vilima vya mchanga vya pwani ya mashariki mwa Australia, ambako ulifikishwa kama ua la bustani, sasa unahesabiwa kuwa gugu vamizi, kwa kuwa hufunika na kusonga mimea ya asili ya huko.

Kwa nini hutoweka kabisa kiangazi, kisha ukarudi?

Swali hili ndilo ambalo ningependa kila mtu aanze nalo, kwa sababu jibu lake linaeleza utunzaji wa mmea na pia hatari yake.

Mkalamu huishi kwa kiazi. Mvua zinapoanza, kiazi huchipua, na nguvu yake yote hupanda kwenye shina, majani na maua. Wakati huohuo mmea hutengeneza kiazi kipya chini ya ardhi, na kile cha zamani hunyauka na kubaki ganda tupu. Mbegu zikishakomaa, majani hugeuka manjano, shina hukauka, upepo hulivunja, na baada ya wiki chache juu ya ardhi hakuna dalili yoyote. Kiazi kipya hubaki kimelala kwa miezi kadhaa hadi mvua nyingine.

Sasa fikiria mkulima anayelima kiangazi ili kutayarisha shamba, au mtu anayechimba viazi vya porini wakati chakula kimepungua. Ua ambalo lingemwonya halipo, jani lenye kikono halipo, na kilichobaki ni kiazi kilichonona, chenye wanga mweupe ndani, ambacho hakijaandikwa jina.

Kiazi chake kinafananaje, na nitakitofautishaje na kiazi kikuu?

Kikichimbuliwa na kusuguliwa udongo, kiazi cha mkalamu huwa na umbo la mche wa duara, mnene kama kidole gumba au zaidi, na mara nyingi kina matawi mawili yaliyoachana kama panda ya manati. Ngozi yake ni ya kahawia isiyokoza na ni nyembamba kiasi cha kukwaruzwa kwa ukucha; ndani ni cheupe. Kiazi kikuu kwa kawaida ni kikubwa zaidi, kina ngozi ngumu yenye vijizizi, na hutoa utelezi kikikatwa.

Hata hivyo, sishauri mtu yeyote aitegemee tofauti hiyo anapotafuta mlo. Umbo la panda halionekani kila mara, kwani kiazi kichanga huweza kuwa kimenyooka, na jembe likikikata hubaki kipande tu. Nchini Sri Lanka na India kumeripotiwa mara nyingi watu waliopata sumu baada ya kula kiazi hiki wakidhani ni kiazi kikuu au kiazi kitamu, na hao walikuwa watu waliokulia karibu na mmea wenyewe. Kanuni iliyo salama ni kwamba kiazi cha porini ambacho hukuona majani yake kikiwa hai hakiingii jikoni.

Je, kukichemsha au kukiloweka hakuondoi sumu?

Hapana. Kolkisini haiharibiwi na moto wa jikoni, na waliokula viazi vilivyochemshwa wamepata sumu vilevile. Watu wanaoijua ndiga, kile kiazi cha porini ambacho hukatwa vipande na kulowekwa kwa siku kadhaa kabla ya kuliwa wakati wa njaa, wasiihamishie kanuni hiyo kwenye mkalamu. Ndiga ina sumu tofauti, na wenyeji wameifanyia kazi kwa vizazi vingi hadi wakapata utaratibu wake.

Sumu iko katika sehemu gani, na hufanyaje kazi?

Iko katika sehemu zote: kiazi, mbegu, majani, shina na ua. Kiazi na mbegu ndizo zinazoogopwa zaidi. Sumu kuu ni kolkisini, ambayo inaandamana na kemikali nyingine za jamii yake.

Kila seli ya mwili inapojigawa kuwa mbili hutumia nyuzi nyembamba za protini kuvuta nusu moja huku na nusu nyingine kule. Kolkisini hujibandika kwenye protini inayotengeneza nyuzi hizo na kuizuia isiungane, hivyo seli huanza kujigawa lakini haimalizi. Kwa sababu hiyo, sehemu za mwili ambazo seli zake hujigawa kwa kasi ndizo huumia mwanzo: utando wa matumbo, uboho ambamo damu hutengenezwa, na mashina ya nywele. Ukilijua hilo, mpangilio wa dalili hauwi fumbo tena.

Dalili zake ni zipi?

Dalili za kwanza kwa kawaida hutokea saa kadhaa baada ya kula, na ucheleweshaji huo huwadanganya watu wakadhani kuwa wamenusurika. Huanza kwa ganzi au mwasho wa mdomo na koo, kisha kichefuchefu, kutapika sana, maumivu ya tumbo na kuharisha, wakati mwingine kuharisha damu. Mwili hupoteza maji mengi kwa muda mfupi.

Katika siku zinazofuata, hata pale ambapo tumbo limeanza kutulia, hatari kubwa zaidi hujitokeza: shinikizo la damu hushuka, figo hushindwa kufanya kazi, pumzi huwa ngumu, uboho huacha kutoa chembe za damu za kutosha, na mgonjwa huweza kutoka damu au kushikwa na maambukizi. Wanaopona mara nyingi hunyonyoka nywele wiki moja au mbili baadaye, nazo huota tena.

Mtu akiula, nifanye nini?

Mpeleke hospitali mara moja, hata kama hajaanza kuumwa, na nenda na kipande cha mmea kilichofungwa kwenye mfuko, au picha yake. Mwambie daktari majina yote mawili, mkalamu na Gloriosa superba, pamoja na saa ambayo kililiwa. Usimlazimishe kutapika. Maziwa, ambayo katika nyumba nyingi ndiyo tiba ya kwanza ya kila sumu, hayaizuii kolkisini, na muda wa kuyatafuta ni muda uliopotea. Hospitalini anaweza kupewa mkaa wa tiba akifika mapema, lakini hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii ambayo huwekwa kwenye ghala za hospitali; matibabu ni kumwongezea maji, kulinda figo na pumzi, na kufuatilia damu kwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo mgonjwa asiruhusiwe kurudi nyumbani eti kwa kuwa tumbo limetulia.

Je, kuugusa tu kuna madhara?

Kuligusa ua hakumdhuru mtu mzima. Utomvu huweza kuiwasha ngozi ya baadhi ya watu, hasa wakati wa kukata viazi, hivyo vaa glovu, nawa mikono kwa sabuni, na usitumie kisu hicho jikoni.

Na mifugo?

Ng'ombe, mbuzi na kondoo huweza kufa wakiula. Kwa kawaida huuepuka wakiwa na malisho ya kutosha. Hatari huongezeka wakati wa ukame, au mmea unapokatwa pamoja na majani mengine na kuletwa zizini, ambapo mnyama hana tena nafasi ya kuchagua. Cha kushangaza ni kwamba nchini India kuna kiwavi wa nondo, Polytela gloriosae, ambaye huyatafuna majani haya bila kudhurika, na wakulima wanaoulima mmea huo humhesabu kuwa adui mkubwa.

Unahitaji udongo na hali gani ili ustawi?

Udongo unaofaa zaidi ni tifutifu wenye mchanga, ambao maji hupita bila kutuama, na ambao hauna tindikali nyingi wala chumvi nyingi. Kipimo cha pH cha 6 hadi 7 kinatosha. Udongo wa mfinyanzi ndio unaoua mikalamu mingi ya bustanini, kwa sababu kiazi kilicholala hakihitaji maji na kikiloa kwa muda mrefu huoza. Kama udongo wako ni mzito, inua tuta la sentimita 20 au 30 na uchanganye mchanga wa mtoni na mboji iliyoiva. Mbolea nyingi ya samadi si lazima. Mmea unaoweza kuota kwenye mchanga wa ufukweni haudai karamu.

Jua kamili au kivuli chepesi vyote vinaufaa. Porini utaona kiazi kiko chini ya kichaka ambako udongo una ubaridi, huku shina likipenya matawi hadi kwenye mwanga, na mpangilio huo ndio wa kuiga: uupande kando ya ua wa mimea au karibu na mti mdogo, au uusimikie waya. Ukikosa pa kushika, hulala chini na kutoa maua machache.

Kuhusu maji, fuata mvua. Mwagilia mara kwa mara tangu kuchipua hadi mwisho wa maua, punguza majani yanapoanza kuwa manjano, kisha acha kabisa. Wanaoumwagilia mwaka mzima kwa huruma ndio wanaokuja kuuliza kwa nini haukurudi.

Ninapandaje kiazi?

Kilaze kwenye shimo lenye kina cha sentimita 5 hadi 10 mwanzoni mwa mvua, na upime mahali pa kukitia mapema, kwa kuwa hakipendi kuhamishwa.

Jambo la kuangalia kwa makini ni ncha. Kiazi kikuu waweza kukikata vipande vingi navyo vikachipua, lakini tawi la mkalamu huchipua kutoka kwenye jicho moja lililo nchani, ambalo ni dogo, limechongoka na huvunjika kwa urahisi kama ncha ya chaki. Likivunjika, tawi hilo limekwisha. Mwaka wa kwanza nilipohamisha viazi vyangu, nilitumia jembe badala ya mikono, nikavunja ncha za vipande vitatu kati ya saba. Nilivipanda vyote hata hivyo na nikavimwagilia kwa miezi miwili; vinne vilichipua, vitatu nilivifukua vikiwa bado vimenona na vibichi, bila chipukizi hata moja.

Je, naweza kupanda mbegu?

Unaweza, ukiwa na subira. Mbegu mpya hulala kwa miezi 6 hadi 9 kabla ya kuwa tayari kuota, na hata baada ya hapo huota kwa kupishana, nyingine baada ya wiki chache na nyingine baada ya miezi. Mche wa mwaka wa kwanza hutumia nguvu zake kutengeneza kiazi kidogo, na maua hutarajiwa baada ya takriban miaka 3 au 4. Zihifadhi mbegu kwenye chombo chenye lebo, mbali kabisa na viungo vya jikoni.

Nasikia ni dawa. Je, ni kweli?

Ni kweli kwa upande mmoja, na upande huo ndio unaowaponza watu. Kolkisini ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1820 na wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, kutoka kwa jamaa wa mkalamu anayeota Ulaya, na hadi leo ni dawa inayoandikwa na madaktari kwa wagonjwa wa jongo, ugonjwa wa maumivu makali ya viungo. Lakini dawa hiyo hupimwa kwa sehemu ndogo za miligramu, na tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo hata kwa vidonge vya kiwandani. Kiazi hakina kipimo. Kiwango cha sumu hubadilika kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Tiba za jadi za Afrika na India zimekitumia kwa mambo mengi, yakiwemo kuumwa na nyoka na kuharakisha uchungu wa uzazi, na matumizi hayo ya mwisho huhatarisha uhai wa mama na mtoto kwa pamoja.

Kolkisini ina kazi nyingine isiyohusu wagonjwa. Tangu mwaka 1937, wataalamu wa mbegu wameitumia kuongeza maradufu kromosomu za mimea, yaani nyuzi zinazobeba sifa za kurithi ndani ya seli, na tikitimaji lisilo na mbegu ni mojawapo ya matunda ya kazi hiyo.

Kwa nini basi kuna watu wanaoulima kibiashara?

Huko Tamil Nadu hulimwa mashambani kwa ajili ya mbegu, ambazo huuzwa kwa viwanda vya dawa. Mimea husimikiwa waya, na kwa kuwa sehemu ya kike ya ua imepinda pembeni na kujiweka mbali na stameni, uchavushaji wa kujitegemea ni hafifu. Porini kazi hiyo hufanywa na vipepeo na ndege wa jamii ya chozi. Shambani watu hupita asubuhi, ua kwa ua, wakipaka chavua kwa mkono. Kwingineko, hasa Uholanzi na Japani, hulimwa kwa ajili ya maua ya kukatwa, ambayo hudumu kwenye chombo cha maji kwa wiki moja au zaidi.

Ninaishi Ulaya. Naweza kuupanda huko?

Ndiyo, kwenye chungu. Upande majira ya kuchipua ndani ya nyumba yenye mwanga, uutoe nje baridi ikishaisha, na majani yakikauka rudisha chungu ndani, kikiwa kikavu, mahali penye nyuzi joto zisizopungua 10 hivi. Baridi ya kugandisha huua kiazi.

Nina watoto wadogo. Je, niung'oe?

Kama watoto wako bado wanaonja kila wanachookota, ung'oe, au angalau usiupande hadi wakue. Anayeubakiza akate matunda yote yakiwa bado ya kijani, kabla ya kupasuka, na asimike kigingi cha kudumu mahali kiazi kilipo, ili hata mwezi wa Septemba, ambapo hakuna jani lolote, kila anayeshika jembe ajue kuna nini hapo chini. Anayeung'oa achimbe hadi apate matawi yote mawili ya kiazi pamoja na vipande vilivyokatika, ayahesabu, na avifukie vyote kwenye shimo refu mbali na zizi na bustani ya mboga. Asivitupe kwenye lundo la mboji wala jalalani, ambako mtu mwingine anaweza kuviokota akidhani ni viazi vilivyodondoka.